Mighty Joe Young (filamu ya 1949)

Mighty Joe Young ni filamu ya kubuni na ya kusisimua ya mwaka 1949 kutoka nchini Marekani. Iliongozwa na Ernest B. Schoedsack na kutayarishwa na Merian C. Cooper pamoja na John Ford. Nyota wa filamu ni Terry Moore, Ben Johnson na Robert Armstrong. Inamhusu gorila mkubwa kupita kiasi aitwaye Joe, ambaye amelelewa na msichana katika shamba la mifugo huko Tanganyika (leo Tanzania Bara), kisha anapelekwa Hollywood kuwa kivutio cha klabu ya usiku.

Joe anayeonekana kwenye filamu ni sanamu ndogo iliyosogezwa kwa mkono na kupigwa picha moja baada ya nyingine, hadi ikaonekana kama kiumbe hai. Kazi hiyo ilisimamiwa na Willis O'Brien, fundi aliyewahi kumtengeneza King Kong, na sehemu kubwa ya uhuishaji ilifanywa na msaidizi wake kijana, Ray Harryhausen. Filamu ilishinda Tuzo ya Akademi (Oscar) ya athari maalumu kwa mwaka 1949.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki filamu hii ina jambo la pekee. Inataja Tanganyika kuwa nyumbani kwa Joe, lakini katika nchi hiyo hakuna gorila wa porini, na filamu yenyewe ilitengenezwa California. Makala hii inaeleza hadithi ya filamu, namna ilivyotengenezwa, na tofauti kati ya Tanganyika ya filamu na Tanganyika halisi ya wakati huo.

Habari kwa ufupi

Imeongozwa na: Ernest B. Schoedsack
Imetayarishwa na: Merian C. Cooper na John Ford
Hadithi ya: Merian C. Cooper
Mswada wa: Ruth Rose
Nyota: Terry Moore, Ben Johnson, Robert Armstrong, Frank McHugh
Muziki na: Roy Webb
Athari maalumu: Willis O'Brien, Ray Harryhausen na wenzao
Imesambazwa na: RKO Radio Pictures
Imetolewa: Julai 1949
Ina muda wa: dakika 94
Nchi: Marekani
Lugha: Kiingereza
Rangi: nyeusi na nyeupe (sehemu ya moto imetiwa rangi nyekundu)

Hadithi

Filamu inaanzia Tanganyika. Jill Young ni mtoto wa miaka minane anayeishi na baba yake, John Young, katika shamba lao la mifugo. Siku moja wanaume wawili Waafrika wanapita shambani wakiwa wamebeba mtoto wa gorila aliyefiwa na wazazi. Jill anamtaka. Anatoa vitu vyake vya kuchezea, mapambo na fedha, anambadilisha, na kuahidi kwamba atamtunza siku zote. Anampa jina la Joe.

Miaka kumi na miwili inapita. Mtayarishaji wa maonyesho kutoka Marekani, Max O'Hara, anafika Afrika kutafuta wanyama wa kupamba klabu mpya anayotaka kuifungua Hollywood. Amekuja na kundi la makauboi, akiwemo Gregg, ili wakamate simba kwa kamba za vitanzi wakiwa juu ya farasi. Wakati simba wamekwisha kukamatwa na msafara unakaribia kuondoka, Joe anatokea kambini. Sasa ni gorila mwenye kimo cha kutisha. Makauboi wanajaribu kumtia vitanzi kama ng'ombe, naye anawashinda. Jill anatokea, anazungumza naye, na mnyama anatulia papo hapo.

O'Hara anaona utajiri mbele yake. Baba yake Jill amekwisha kufariki, na msichana yuko peke yake shambani. Kwa maneno matamu O'Hara anamshawishi atie sahihi mkataba wa kwenda Hollywood pamoja na Joe. Klabu inafunguliwa kwa jina la Golden Safari, ikiwa imepambwa ili ifanane na Afrika ya kufikirika, na simba wakiwekwa nyuma ya vioo. Joe anatangazwa kwa jina la heshima, Bwana Joseph Young wa Afrika. Katika onyesho la kwanza anainua jukwaa juu ya kichwa chake huku Jill akipiga piano juu yake. Halafu anavutana kamba na wanaume kumi wenye nguvu na kuwashinda wote. Mmoja wao, bondia Primo Carnera, anajaribu kumpiga ngumi. Joe anamwinua na kumrusha.

Watazamaji wanafurahi, lakini Joe anafungiwa katika kizimba kila baada ya onyesho. Jill anakumbuka nyumbani na anataka warudi. O'Hara anamwomba avumilie wiki chache zaidi, na wiki hizo zinaongezeka. Ifikapo wiki ya kumi na saba, Joe anavalishwa kama kima wa mpiga kinanda wa mtaani, na watazamaji wanaombwa wamrushie sarafu kubwa za bandia. Mchezo huo wa kumdhalilisha unaharibika pale mlevi mmoja anapomrushia chupa.

Usiku huohuo walevi watatu wanaingia kwa siri nyuma ya jukwaa, wanamnywesha Joe pombe, kisha wanamchoma vidole kwa kiberiti cha gesi. Joe anavunja kizimba na kuibomoa klabu. Simba wanatoka nje ya vioo vyao na hofu inatanda. Mahakama inaamuru Joe apigwe risasi.

O'Hara, aliyekuwa chanzo cha matatizo, sasa anageuka na kusaidia. Yeye, Gregg, Jill na msaidizi wake Windy wanamtorosha Joe kwa lori. Njiani, polisi wakiwa nyuma yao, wanakuta makao ya watoto yatima yanawaka moto. Wanasimama. Jill na Gregg wanaingia ndani kuokoa watoto. Mtoto wa mwisho anabaki juu ambako hakuna binadamu awezaye kufika, na Joe anapanda mti unaowaka, anamchukua mtoto na kumkinga kwa mwili wake mti unapoanguka. Baada ya tendo hilo hakuna tena anayetaka kumuua.

Mwishoni O'Hara anapokea filamu fupi kutoka Afrika. Ndani yake Jill na Gregg, ambao sasa ni mke na mume, wako shambani pamoja na Joe, na wote watatu wanampungia mkono. Methali ya Kiswahili isemayo "Mwenda kwao si mtumwa" ingeweza kuwa muhtasari wa mwisho huo.

Washiriki

Terry Moore, aliyezaliwa mwaka 1929, alicheza kama Jill Young mkubwa. Jill mdogo alichezwa na Lora Lee Michel. Ben Johnson, aliyecheza kama Gregg, alikuwa kauboi halisi kabla ya kuwa mwigizaji, na alijua kutumia farasi na kamba bila kufundishwa. Baadaye alishinda Oscar kwa filamu ya The Last Picture Show ya mwaka 1971.

Robert Armstrong alicheza kama Max O'Hara. Watazamaji wa wakati ule walimkumbuka kutoka King Kong ya mwaka 1933, ambamo alikuwa Carl Denham, mtu anayemkamata Kong na kumleta New York. Hivyo mwigizaji yuleyule alipewa mara mbili kazi ya kumtoa mnyama porini na kumwonesha mjini. Tofauti ni kwamba Denham anamwona Kong akifa, na O'Hara anapata nafasi ya kurekebisha kosa.

Wengine ni Frank McHugh (Windy), Regis Toomey (John Young), na Douglas Fowley, Paul Guilfoyle na Nestor Paiva (walevi watatu). Primo Carnera, Mwitalia aliyekuwa bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu kati ya 1933 na 1934, alicheza kama yeye mwenyewe.

Utengenezaji

Watu walioifanya filamu hii walikuwa kwa sehemu kubwa walewale wa King Kong. Cooper na Schoedsack walikuwa wakifanya kazi pamoja tangu miaka ya 1920. Walianza na filamu za safari, Grass (1925) iliyopigwa miongoni mwa wafugaji wa Uajemi na Chang (1927) iliyopigwa Siam, ambayo leo ni Thailand. Ruth Rose, aliyeandika mswada, alikuwa mke wa Schoedsack. Schoedsack mwenyewe alikuwa ameumia macho wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na uwezo wake wa kuona ulikuwa mdogo sana, hata hivyo aliongoza kazi hadi ikamalizika.

Willis O'Brien (1886–1962) alikuwa mkuu wa athari maalumu. Alichora picha nyingi za kuonesha kila tukio litakavyokuwa, na kupanga jinsi sanamu, michoro na waigizaji halisi watakavyounganishwa. Ray Harryhausen (1920–2013) alikuwa kijana wa Los Angeles aliyeiona King Kong akiwa na umri wa miaka 13 na kuanza kutengeneza sanamu zake mwenyewe nyumbani. Alimwendea O'Brien akiwa bado mwanafunzi, akamwonesha kazi zake na kupokea ushauri. Mighty Joe Young ilikuwa filamu yake ya kwanza kubwa. Kwa kuwa O'Brien alishughulika zaidi na mipango, Harryhausen ndiye aliyemsogeza Joe katika picha nyingi. Alisaidiwa na Pete Peterson.

Sanamu zilijengwa na Marcel Delgado, ambaye pia alijenga zile za King Kong. George Lofgren alishughulikia manyoya. Manyoya ya Kong yalikuwa ya sungura, na kila mhuishaji alipomshika, vidole vyake viliyavuruga, hivyo kwenye pazia yalionekana yakitikisika kana kwamba upepo unavuma. Kwa Joe, Lofgren alitumia ngozi iliyotiwa mpira kwa nyuma ili manyoya yakae imara, na kasoro hiyo ikapungua sana.

Jinsi sanamu inavyopewa uhai

Filamu si picha inayotembea. Ni picha nyingi zilizosimama, zinazooneshwa haraka kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitenganisha. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha hilo kwa daftari. Akichora mtu katika pembe ya kila ukurasa, huku akibadilisha mkono wa mtu huyo kidogo kila mara, kisha akazipeperusha kurasa kwa kidole gumba, mkono utaonekana ukipunga.

Uhuishaji wa sanamu hutumia kanuni hiyohiyo kwa hatua zifuatazo:

1. Hutengenezwa kiunzi cha chuma chenye viungo vinavyokunjika na kubaki vilipowekwa, mfano wa mifupa. Juu yake huwekwa mpira na pamba kama misuli, kisha ngozi na manyoya.
2. Sanamu husimamishwa katika mandhari madogo yaliyotengenezwa juu ya meza.
3. Kamera hupiga picha moja tu.
4. Mhuishaji husogeza mkono, kichwa, mdomo au jicho la sanamu kwa kiasi kidogo sana.
5. Kamera hupiga picha ya pili, na kazi hurudiwa.

Filamu ya sinema huonesha picha 24 kwa sekunde moja. Kwa hiyo dakika moja ya Joe huhitaji picha 24 × 60, yaani 1,440. Mhuishaji hana budi kukumbuka kila kiungo kilikuwa kinaelekea wapi na kwa kasi gani. Akisahau katikati, au taa ikiungua, au sanamu ikiteleza, mara nyingi hulazimika kuanza tena tukio zima. Kazi ya siku nzima huweza kutoa sekunde chache tu za filamu.

Kumuunganisha Joe na binadamu kulihitaji ufundi mwingine. Waigizaji walipigwa picha kwanza. Kisha picha zao zilioneshwa, moja moja, kutoka nyuma ya pazia dogo, na sanamu ikawekwa mbele ya pazia hilo. Vioo vilivyochorwa miti na majengo viliwekwa kwa tabaka ili kuipa picha kina. Katika tukio la kauboi, baadhi ya farasi na wapanda farasi nao ni sanamu ndogo, ili waweze kugusana na Joe. Ndiyo maana sanamu isiyofika hata nusu mita inaonekana imemkamata farasi mzima.

Mafanikio makubwa ya Harryhausen katika filamu hii hayakuwa ukubwa wa mnyama. Yalikuwa mambo madogo. Joe akiwa ameketi ndani ya lori, anapiga sakafu kwa vidole kama mtu aliyechoka kusubiri. Akidhalilishwa jukwaani, anaangalia chini. Akichomwa moto, anavitazama vidole vyake kwanza kabla ya kukasirika. Mtazamaji anaelewa kinachopita moyoni mwa mnyama asiyesema neno.

Mapokezi na tuzo

Wahakiki waliisifu kazi ya uhuishaji. Hata hivyo mapato hayakufikia matarajio ya studio, na mpango wa kutengeneza filamu ya kufuatia, ambamo Joe angekutana na Tarzan, uliachwa.

Katika sherehe za Tuzo za Akademi za Machi 1950, filamu ilipata tuzo ya athari maalumu. Ilitajwa kwa jina la kampuni, lakini sanamu ya tuzo ilikwenda kwa Willis O'Brien, ambaye hakuwa amepata tuzo ya namna hiyo kwa King Kong kwa sababu mwaka 1933 kundi hilo la tuzo lilikuwa bado halijaanzishwa.

Tanganyika ya filamu na Tanganyika halisi

Nchi ilivyokuwa

Mwaka 1949 Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza. Shamba la John Young ni la kubuni, lakini mashamba ya walowezi yalikuwepo kweli. Katika Nyanda za Juu Kusini, kwa mfano, walowezi wa Kijerumani, Kiingereza na Kigiriki walikuwa na mashamba ya tumbaku Iringa na chai Mufindi. Mashamba hayo yaliendeshwa kwa nguvu za vibarua Waafrika. Filamu haioneshi hayo. Waafrika wanaotokea mwanzoni wana kazi moja tu, kumleta mnyama, na baada ya hapo Afrika inakuwa mandhari ya nyuma. Jambo hili lilikuwa la kawaida katika filamu za Hollywood za kipindi hicho, na msomaji wa leo anafaa kulitambua anapoitazama.

Gorila hawako Tanzania

Gorila wa porini wanaishi katika misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi, na kwa upande wa mashariki wanapatikana Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Uganda. Gorila wa milimani wako katika maeneo mawili tu, milima ya Virunga na msitu wa Bwindi pamoja na msitu unaopakana nao. Hesabu zilizotangazwa tangu mwaka 2018 zinaonesha kwamba idadi yao imepita 1,000.

Hata hivyo historia ina jambo la kushangaza. Gorila wa milimani walijulikana kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1902, pale ofisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, alipowapiga risasi wawili katika mlima Sabyinyo. Jina la kisayansi Gorilla beringei linatokana na jina lake. Von Beringe alikuwa akitumikia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, koloni ambalo wakati ule lilijumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia koloni liligawanywa. Rwanda na Burundi zikawekwa chini ya Ubelgiji, na sehemu iliyobaki ikaitwa Tanganyika chini ya Uingereza. Hivyo gorila walikuwa ndani ya mpaka wa Wajerumani, wakabaki nje ya mpaka wa Waingereza.

Ukubwa wa Joe nao ni wa kubuni. Gorila dume halisi akisimama wima hufikia kimo cha binadamu mrefu, na uzito wake mara nyingi ni kati ya kilo 140 na 200. Hula majani, mashina na matunda, na si mkali kwa binadamu asipochokozwa. Katika jambo hili filamu ilikuwa karibu na ukweli kuliko filamu nyingi za zamani: Joe hamdhuru mtu ila anapoanza kuteswa.

Wanyama halisi wa jamii hii nchini Tanzania

Kwa Kiswahili neno "sokwe" hutumika na wengi kwa gorila na kwa sokwe mtu pia, jambo ambalo huleta mkanganyiko. Sokwe mtu ndio wanaoishi Tanzania, hasa kandokando ya Ziwa Tanganyika. Jane Goodall alianza utafiti wake Gombe mwezi Julai 1960, na Gombe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Hifadhi ya Milima ya Mahale ilifuata mwaka 1985.

Nyanda za Juu Kusini zina kima ambaye hapatikani popote pengine duniani isipokuwa Tanzania. Huyo ni kipunji. Wawindaji wa Rungwe walimjua kwa jina hilo kabla ya wanasayansi. Watafiti walimbaini katika mlima Rungwe mwaka 2003, na mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti likamwona katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2005, na mwaka 2006 akawekwa katika jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kwa hiyo miaka zaidi ya hamsini baada ya Hollywood kubuni mnyama wa ajabu wa Tanganyika, milima ya Mbeya na Iringa ilikuwa bado na mnyama wa kweli ambaye hakuwa ameandikwa katika kitabu chochote cha sayansi.

Kukamata wanyama kwa ajili ya maonyesho

Biashara anayoifanya O'Hara haikuwa ya kubuni. Kwa miaka mingi wanyama wa Afrika Mashariki walikamatwa wakiwa hai na kuuzwa kwa bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya na Marekani. Filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuchezwa na John Wayne, inaonesha kazi hiyo ikifanywa Tanganyika kwenyewe, katika eneo la Arusha, ambako waigizaji waliwafukuza vifaru na twiga halisi kwa magari. Hatari! inaichukulia kazi hiyo kama ushujaa. Mighty Joe Young, iliyotangulia kwa miaka kumi na mitatu, inauliza swali ambalo Hatari! hailiulizi: mnyama mwenyewe anapata nini?

Leo gorila wote wako katika kundi la ulinzi wa juu kabisa la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliosainiwa mwaka 1973. Kumnunua mtoto wa gorila, kama Jill alivyofanya, ni kosa. Zaidi ya hayo, mtoto wa gorila anayeuzwa kwa kawaida ni yule ambaye mama yake ameuawa, kwa sababu gorila humtetea mtoto wake hadi kufa.

Filamu zilizotengenezwa Tanganyika

Wakati Hollywood ikiitengeneza Tanganyika kwa vioo na sanamu, Tanganyika yenyewe ilikuwa na historia yake ya sinema. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa majaribio ya filamu za elimu kwa Waafrika ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu fupi kuhusu kilimo, afya na uwekaji wa akiba, zikaoneshwa kwa gari la sinema katika nchi kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikatengenezwa filamu za Kiswahili zenye waigizaji wa nchini, ikiwemo Muhogo Mchungu. Nyota wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Filamu ya 1998

Mwaka 1998 hadithi hii ilitengenezwa upya kwa jina lilelile. Iliongozwa na Ron Underwood, na nyota wake walikuwa Charlize Theron, mwigizaji mzaliwa wa Afrika Kusini, na Bill Paxton. Katika toleo hili mama yake Jill ni mtafiti wa gorila anayeuawa na majangili, na Joe anapelekwa Los Angeles ili aokolewe na majangili, si kwa ajili ya onyesho la klabu. Mabadiliko hayo yanaonesha jinsi fikra za watu zilivyobadilika baada ya kazi ya watafiti kama Dian Fossey, aliyewachunguza gorila wa Rwanda tangu 1967 hadi alipouawa mwaka 1985.

Joe wa 1998 alitengenezwa kwa mavazi na mitambo ya Rick Baker pamoja na picha za kompyuta. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya athari za picha. Terry Moore na Ray Harryhausen wanaonekana humo pamoja kwa muda mfupi kama wageni katika karamu.

Urithi

Mighty Joe Young ilikuwa kama shule ya Harryhausen. Kutoka hapo alitengeneza filamu zake mwenyewe, zikiwemo The 7th Voyage of Sinbad (1958), Jason and the Argonauts (1963) na Clash of the Titans (1981). Ile ya kwanza inatokana na Sindbad Baharia wa Alfu Lela Ulela, hekaya zinazojulikana sana na wasomaji wa Kiswahili, na ndani yake ndege Rukh alisogezwa kwa mkono kama Joe. Mwaka 1992 Harryhausen alipewa tuzo ya heshima na Akademi kwa mchango wake katika ufundi wa sinema.

Tangu miaka ya 1990 kompyuta zimechukua sehemu kubwa ya kazi hii, lakini uhuishaji wa sanamu haujafa. Kwa kuwa unahitaji kamera moja, sanamu ya udongo au waya, na uvumilivu, hata mwanafunzi mwenye simu anaweza kuujaribu darasani.

Tazama pia

King Kong (filamu ya 1933)
Ray Harryhausen
Gorila
Sokwe mtu
Kipunji
Hatari! (filamu)
Rashidi Kawawa